Dakika 40 za Kiingereza: Sarufi, Hoja au Fasihi?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa Tanzania, ubishi kuhusu Kiingereza huwaka upya, na karibu kila mwaka huishia palepale: lugha ya kufundishia iwe ipi. Swali hilo ni zito na lina haki ya kuulizwa. Ila limefunika swali jingine lililo ndani ya darasa lenyewe. Kipindi cha Kiingereza kikianza na mwalimu ameshika chaki, anafundisha nini hasa?

Mzazi husema mwanawe "anasoma Kiingereza" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukifungua daftari unakuta vitu vitatu visivyosalimiana. Kurasa za mwanzo zina nyakati za vitenzi na sentensi za kugeuza kutoka kutenda kwenda kutendwa. Zinazofuata zina insha ya faida na hasara za kuishi mjini. Mbele zaidi kuna orodha ya dhamira za riwaya ambayo, mara nyingi, mwenye daftari hajawahi kuishika mkononi. Miaka minne ikiisha, mzazi analalamika kwamba mtoto hawezi kuandika barua ya kuomba kazi, mwajiri anasema hawezi kujieleza, mhadhiri anasema hawezi kutetea msimamo kwenye ukurasa mmoja. Kila mmoja anakuja na dawa yake: rudisheni sarufi, ongezeni midahalo, wasomesheni vitabu.

Mabadiliko ya mitaala yameongeza utata. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala mpya kwa awamu Januari 2024, na Kiingereza sasa ni somo tangu darasa la kwanza. Kenya, ambako kundi la kwanza la gredi ya 10 limeingia sekondari ya juu mwaka 2026, imeitoa Fasihi ya Kiingereza ndani ya somo la lazima na kuifanya somo la kuchagua. Watu wanauliza kama huko ni kusonga mbele au kurudi nyuma. Jibu linategemea mtu anaamini somo hili lipo kwa ajili ya nini, na hapo ndipo makubaliano hayapo.

Tulikotoka

Mchanganyiko uliomo daftarini una historia. Tabaka la chini kabisa ni la mazoezi ya miundo ya sentensi. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Fikra zilizotoka huko zilienea makoloni yote yaliyokuwa yakielekea uhuru: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kianze mapema, kiwe kingi iwezekanavyo, na mwalimu bora ni mzawa wa lugha yenyewe. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, alizichambua fikra hizo moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba zilisimama zaidi juu ya mazoea kuliko juu ya ushahidi. Lakini wakati huo vitabu vya mazoezi vilikwishachapishwa na walimu walikwishafundwa.

Tabaka la pili ni la fasihi. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika chuo kikuu kishiriki cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na masomo ya fasihi yaanzie Afrika. Waraka ule ulibadilisha orodha ya vitabu Afrika Mashariki yote. Watunzi wa Kiafrika wakaingia shuleni, na ilikuwa haki yao. Namna ya kuvisoma vitabu hivyo haikubadilika kwa kasi hiyo.

Tabaka la tatu ni la mawasiliano. Tanzania ilikwishakifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali haikukubali. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo yao. Hata hivyo wakashauri Kiingereza kiendelee. Mradi wa Uingereza ukafuata, ukaleta vitabu vya hadithi vya lugha nyepesi. Kisha muhtasari wa 2005 ukahamisha mkazo kutoka kujua maudhui kwenda kuwa na umahiri: mwanafunzi aweze kutoa maoni, kuandika barua, kueleza tukio.

Kila enzi ilikuja na mzigo wake na hakuna iliyotoa mzigo wa mwenzake. Mwalimu wa leo amerithi yote matatu, akapewa kipindi cha dakika 40.

Wanaosema sarufi kwanza

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya mazingira. Mtoto wa Tabora au Lindi hasikii Kiingereza sokoni, nyumbani wala kwenye daladala. Kile ambacho mtoto wa London anakiokota bila kujua, huyu lazima afundishwe waziwazi. Kiswahili hakina maneno yanayofanya kazi ya "a" na "the", na kiwakilishi chake cha nafsi ya tatu hakibagui mwanamume na mwanamke. Si ajabu mwanafunzi kuandika kuhusu mama yake akamwita "he". Huo si uzembe. Ni lugha ya kwanza inayoendelea kufanya kazi chini ya ile ya pili, na makosa yenye chanzo kinachojulikana yanaweza kufundishwa kwa mpango.

Wapinzani wa sarufi hupenda kutaja utafiti. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Braddock na wenzake nchini Marekani ilisema kwamba kufundisha sarufi rasmi kuna athari ndogo mno katika kuboresha uandishi, na kunaweza hata kudhuru kwa kula muda wa kuandika. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walipojumlisha tafiti nyingi za wanafunzi wa darasa la nne hadi la 12, sarufi iliyofundishwa peke yake ilitoka na matokeo hasi. Mbinu za kupanga na kurekebisha insha zilikuwa miongoni mwa zilizosaidia sana.

Matokeo hayo yanahitaji tahadhari, na ni tahadhari ambayo wanaoyanukuu huku kwetu huiruka. Sehemu kubwa ya wanafunzi hao walikuwa wanaongea Kiingereza tangu utotoni. Walikuwa nayo sarufi kinywani. Walichokosa ni istilahi zake. Kwa anayejifunza lugha ya pili ubishi haujafungwa: mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha makosa ya sarufi kwenye insha za wanafunzi wa lugha ya pili hakuna faida na kuachwe kabisa, na Dana Ferris akamjibu miaka mitatu baadaye kwamba usahihishaji wa makini, unaochagua makosa yenye kanuni, haufai kutupwa. Kwa hiyo mtu asije Dodoma au Nairobi na ripoti ya Marekani akatangaza kwamba sarufi imekufa.

Udhaifu wa kambi hii hauko kwenye kuifundisha sarufi. Uko kwenye sarufi wanayoichagua na jinsi wanavyoiachia njiani. Chukua kauli ya kutendwa. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kugeuza sentensi 20 kutoka kutenda kwenda kutendwa bila kukosea hata moja, na asiulizwe kamwe kwa nini mtu angetaka kuigeuza. Sasa mpe sentensi mbili: "Mhazini ameiba fedha za kikundi" na "Fedha za kikundi zimeibwa." Ya pili imemficha mhazini. Mtoto anayeliona hilo kwa Kiswahili atalitambua pia kwenye taarifa ya kampuni iliyoandikwa kwa Kiingereza, pale inaposema kwamba makosa yalifanyika bila kutaja aliyeyafanya. Sarufi hapo imekuwa chombo cha kushawishi na cha kumkamata anayeshawishi. Zoezi la kugeuza sentensi liliishia mlangoni.

Wanaosema fasihi ndiyo moyo

Hawa wana ushahidi mzuri kuliko wanavyojua wenyewe. Fiji, katika shule za vijijini ambako Kiingereza ni lugha ya pili, Warwick Elley na Francis Mangubhai waliwapa watoto wa shule kadhaa vitabu 250 vya hadithi za kuvutia kila shule, na walimu wakawahimiza kuvisoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha watoto hao wakisonga mbele katika kusoma kwa kasi ya takriban mara mbili ya kawaida, na baada ya mwaka wa pili manufaa yakaenea hadi kwenye stadi nyingine za lugha, kuandika ikiwemo. Hakuna aliyewafundisha kanuni za ziada. Hali ya shule zile inafanana na ya shule zetu nyingi kuliko inavyofanana na Chicago.

Hoja ya pili ni ya H. G. Widdowson, ambaye mwaka 1975 aliandika kwamba uchambuzi wa mtindo ndio daraja kati ya somo la lugha na somo la fasihi: unauliza kwa nini mwandishi alichagua neno hili na muundo huu, na hivyo unafundisha yote mawili kwa mpigo.

Tatizo linaanza kitabu kinapofika darasani. Vitabu vya sekondari Tanzania vimechaguliwa kwa muda mrefu kwa sababu ya masuala yaliyomo: *Passed Like a Shadow* cha Bernard Mapalala kwa UKIMWI, *Unanswered Cries* cha Osman Conteh kwa ukeketaji, na kadhalika. Ni masuala ya kweli na yanamgusa kijana. Lakini kitabu kikichaguliwa kwa sababu ya ujumbe, kitafundishwa kwa ujumbe. Fasihi inageuka somo la uraia lenye wahusika.

Hapo inaungana na desturi iliyokomaa upande wa somo la Kiswahili, ya kukigawa kitabu katika fani na maudhui, kisha maudhui katika dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Mgawanyo huo una manufaa kwa anayeanza. Unampa pa kushika. Ukizoeleka, unakuwa fomu ya kujaza. Mwanafunzi anaandika "dhamira ya kwanza ni rushwa", anataja mhusika mmoja, anaruka kwenda dhamira ya pili. Hatakiwi kunukuu sentensi wala kuonyesha kwamba mwandishi mwenyewe anasitasita, na hakuna anayemwachia nafasi ya kusema kwamba mhusika anayelaaniwa na mwalimu pengine ana utetezi wake. Ndiyo maana pamfleti za uchambuzi zinauzwa kuliko riwaya zenyewe. Pamfleti inatosha kwa kazi iliyoombwa, na mwanafunzi anayeinunua ametumia akili yake vizuri kabisa.

I. A. Richards aliliona jambo hili Cambridge karibu miaka mia iliyopita. Aliwapa wanafunzi mashairi bila majina ya watunzi, akawaomba waandike walichokielewa. Kitabu chake cha 1929 kimejaa majibu ya vijana waliosoma shule nzuri wakashindwa hata na maana ya wazi ya shairi, kwa kuwa walizoea kuambiwa mapema nini cha kusifu. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Kiafrika, wala si wa lugha ya pili peke yake. Ni wa ufasiri unaopokewa ukiwa tayari umepikwa.

Wanaosema hoja

Kambi hii ni changa na inapata wafuasi haraka. Marekani, viwango vya pamoja vya mwaka 2010 vilitofautisha maandishi ya kushawishi, ambayo huweza kutegemea hisia na heshima ya msemaji, na maandishi ya hoja, yanayosimama juu ya ushahidi na mantiki. Kisha vikaweka uzito kwenye hoja. Viwango hivyo vilipendekeza pia kwamba kufikia mwaka wa mwisho wa sekondari, asilimia 70 ya usomaji wa mwanafunzi katika masomo yote iwe maandishi ya taarifa. Walimu wa fasihi walikuja juu wakihofia riwaya kufukuzwa darasani. Wengi walisahau maneno "katika masomo yote", lakini hofu yao haikuwa ya bure: shule nyingi ziliipeleka asilimia hiyo moja kwa moja kwa mwalimu wa Kiingereza.

Kwa nini hoja? Maisha ya mtu mzima yanaidai. Rufaa ya mkopo wa elimu ya juu, pingamizi la kiwanja, andiko la kuomba ruzuku ya kikundi, maoni ya mahakamani: yote ni kumfanya mtu asiyekufahamu akubaliane nawe kwa sababu unazoweza kuzionyesha. Lisa Delpit, mwalimu mweusi wa Marekani, aliongeza sababu nyingine mwaka 1988. Watoto wa wenye nafasi hurithi kanuni za lugha ya madaraka mezani kwao. Watoto wa wengine wasipoambiwa kanuni hizo waziwazi, ukimya wa mwalimu unawafungia nje. Hoja yake inamfaa mtoto wa mkulima wa korosho anayesoma kwa Kiingereza, hata kama hakuandika kwa ajili yake.

Wapo wanaosema kubishana si utamaduni wetu, kwamba mtoto hamkatizi mkubwa. Dai hili linachekesha pwani hii. Malumbano ya kishairi ya Mombasa ya enzi za Muyaka bin Haji yalikuwa na kanuni kali kuliko insha yoyote ya shule: unamjibu mwenzako, kwenye hoja aliyoitoa, na kwa ufundi unaolingana na wake. Ukikwepa, baraza zima limeona. Shaaban Robert naye alitunga *Kielezo cha Insha* kwa Kiswahili mwaka 1954, kwa hiyo hata insha si mgeni. Kilichokosekana shuleni ni kile ambacho malumbano yanacho, yaani mpinzani.

Insha ya shule haina mpinzani. Ina faida tatu, hasara tatu na hitimisho kwamba kila kitu kina faida na hasara. Mada zake zimechakaa: mjini na kijijini, elimu na fedha, shule ya bweni na ya kutwa. Mwanafunzi hana cha kugundua humo, hivyo anajifunza kujaza aya. Hii ndiyo hatari kubwa ya kambi ya hoja. Ukiiondoa fasihi ili kupata nafasi ya hoja, unaweza kubaki na kijana mwenye muundo mzuri wa aya na asiye na kitu cha kusema. Siku hizi muundo huo mtupu unatolewa na programu ya akili mnemba kwa sekunde chache, tena kwa sarufi safi kuliko ya mwalimu.

Sentensi moja, kazi tatu

Kabla ya kupima, tazama sentensi moja ambayo mwalimu yeyote wa Kiingereza Afrika Mashariki ameisahihisha: "Although he was sick, but he came to school." Kosa lake linajulikana: viunganishi viwili mahali pa kimoja. Chanzo chake nacho kinajulikana, kwa kuwa Kiswahili kinaruhusu "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na msikilizaji hasituki.

Mwalimu wa sarufi anakata "but" kwa kalamu nyekundu na kuendelea. Lakini muundo huo ndio bawaba ya hoja yoyote iliyokomaa. Ndio unaomwezesha mwandishi kusema: nakubali hili la mwenzangu, hata hivyo nasimama hapa. Na ndio muundo wa ufasiri wa fasihi unaostahili jina hilo: ingawa msimulizi anamsifu baba, matendo ya baba katika sura hii yanamkana. Mwanafunzi aliyeandika sentensi kumi za namna hiyo kuhusu kitabu alichosoma, kila moja ikikubali jambo na kulizidi, amefanya sarufi, hoja na fasihi kwa zoezi moja. Mwenzake aliyejaza nafasi 20 kwa kuchagua kati ya "although" na "but" amefanya sarufi tu, na huenda ataisahau likizo.

Mfano huu hauthibitishi kwamba kila kipengele kinaunganika hivyo. Tahajia haiunganiki. Viambishi vya nyakati kwa kiasi kikubwa ni mazoezi na kurudia. Lakini masharti, visababishi, kauli ya kutendwa, usemi wa taarifa na namna za kupunguza uhakika ni sarufi ambayo haina maana nje ya mtu anayetaka kumshawishi mtu.

Mtihani na saa za kusahihisha

Tuseme wote wamekubaliana kuunganisha. Kenya ilikubaliana zamani: mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 uliunganisha Kiingereza na fasihi kuwa somo moja la sekondari. Mtihani wa KCSE, wa kumaliza sekondari, umekuwa na karatasi tatu zenye jumla ya alama 200, na sehemu iliyoitwa sarufi hubeba alama 15 tu katika karatasi ya pili, ingawa sarufi inapimwa pia kwa njia nyingine. Karatasi hiyo humpa mtahiniwa dondoo ya kitabu teule na pia shairi au ngano ambayo hajapata kuiona. Kwa muundo, huo ni mtihani bora kuliko ule unaouliza vitabu teule pekee. Malalamiko ya Kenya yalikuwa mengine: mwalimu aliyepewa vyote alifundisha kilichokuwa na alama za uhakika, yaani vitabu teule, na wanafunzi walioipenda fasihi hawakuwa na somo la kuizamia.

Tanzania imekuwa na njia mbili kwa pamoja: sehemu ya fasihi ndani ya mtihani wa Kiingereza wa wote, na somo la hiari la Fasihi ya Kiingereza linalochukuliwa na wachache. Swali la fasihi la wote kwa kawaida humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili na kutoa hoja tatu kutoka kila kimoja. Watu huicheka kanuni hiyo ya tatu-tatu, nami siipendi, lakini ipo kwa sababu. Watahiniwa wa kidato cha nne ni zaidi ya nusu milioni. Msahihishaji wa kwanza na wa mia wakipewa insha ileile wanapaswa kutoa alama zinazokaribiana, na hoja zinazohesabika zinahesabiwa sawa na kila mtu. Fungua swali zaidi, na unakaribisha tofauti kati ya wasahihishaji. Mtoto aliyekosa daraja kwa alama mbili ana haki ya kuuliza kwa nini. Anayetaka mtihani wa hoja za kweli aseme pia yuko tayari kulipia mafunzo ya wasahihishaji na usahihishaji wa mara mbili.

Kisha kuna saa. Chukua darasa la wanafunzi 60, ambalo kwa shule nyingi za kata ni dogo. Insha ya ukurasa na nusu inayosomwa kwa makini inadai dakika nane. Hizo ni dakika 480, saa nane kamili, kwa insha moja ya mkondo mmoja. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ana saa 24 za kusahihisha kabla hajaandaa somo la kesho. Maswali 20 ya kujaza nafasi yanasahihishwa na wanafunzi wenyewe kwa kubadilishana madaftari, ndani ya dakika tano. Mtu akishangaa kwa nini sarufi ya kujaza nafasi haifi hata mitaala ikibadilishwa mara ngapi, sababu ni hiyo, na hakuna semina ya siku tatu itakayoiondoa.

Mizani

Katika kupima, mgawanyo wa hatua una maana kuliko ushindi wa kambi. Kidato cha kwanza na cha pili, kwa mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, kambi ya sarufi na kambi ya usomaji mwepesi zina haki. Kumdai hoja za Kiingereza mtu asiye na maneno ni kumfundisha kukariri insha za watu. Hapo apewe vitabu vyepesi kwa wingi, kama Fiji, pamoja na sarufi inayolenga makosa yanayotokana na Kiswahili. Gharama yake ni vitabu, na shule nyingi hazina maktaba ya kuitwa maktaba.

Kuanzia kidato cha tatu ningeipa hoja uti wa mgongo, fasihi iwe chanzo cha ushahidi, na sarufi iingie pale hoja inapoihitaji. Hasara ipo na isifichwe: baadhi ya mada za sarufi hazitafundishwa kikamilifu, na wanafunzi wataandika makosa mengi zaidi kwa sababu watakuwa wanajaribu sentensi ndefu zaidi. Mzazi anayehesabu alama nyekundu ataona mtoto ameshuka.

Mzigo wa kusahihisha unaweza kupunguzwa bila fedha nyingi. Aya moja inayomjibu mpinzani ina faida kuliko insha nzima isiyo na mpinzani, na inasomwa kwa dakika mbili. Mwalimu anaweza kusoma madaftari 15 kwa wiki na kuyajadili ubaoni kwa wote. Mdahalo wa mdomo unaweza kuwa rasimu ya kwanza. Tena rasimu hiyo inaweza kufanywa kwa Kiswahili: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Jim Cummins amekuwa akieleza kwamba stadi za kufikiri kitaaluma zilizojengwa katika lugha moja husaidia katika nyingine. Mwalimu wa Kiswahili tayari anafundisha insha za hoja na uhakiki katika jengo hilohilo. Kikwazo hapa ni cha fikra kuliko cha fedha, kwa maana shule yenye kibao kinachokataza Kiswahili kwenye viwanja vyake itaona aibu kukiruhusu ndani ya kipindi cha Kiingereza. Makerere ya 1961 bado iko kwenye kibao kile.

Kwenye mtihani, badiliko moja lingezidi semina zote: swali moja juu ya kifungu ambacho mtahiniwa hajakiona, linalomtaka anukuu maneno ya kifungu hicho na kumjibu anayekisoma tofauti. Pamfleti haiwezi kuandikwa kwa ajili ya kifungu kisichojulikana. Likianza na alama chache, hatari ya tofauti za wasahihishaji ni ndogo, na mwalimu atalifundisha kwa sababu lina alama.

Linabaki suala la kutenga, ambalo Kenya imeliamua na Tanzania italikuta mbele ya safari. Kuifanya fasihi somo la hiari kunawapa wapenzi wake nafasi ya kuizamia, na ni haki yao. Lakini wengi hawatalichagua, na Kiingereza cha lazima kitakachobaki kikinyang'anywa riwaya, kitarudi kwenye mjini na kijijini. Kitahitaji maandiko mengine ya kubishania, na hayako mbali: maelezo mawili yanayopingana kuhusu Vita vya Majimaji kwenye somo la Historia, ubishi wa mabwawa na mito kwenye Jiografia, chanjo kwenye Baiolojia. Mwanafunzi yuleyule anayasoma hayo kwa Kiingereza, kwenye dawati lilelile, vipindi viwili baadaye, na mwalimu wa Kiingereza kwa kawaida hajui wamefika wapi.